Utando Ulioninusa

Tarehe 4 Machi

Naanza kuandika leo kwa sababu mtu mwenye bahati kama yangu asipoandikwa ni hasara kwa wajukuu. Wenzangu wanalipia kukimbia juu ya mashine ili wapunguze matumbo. Mimi nimekula, nimelala, nimekunywa soda zangu baridi, na tumbo limeondoka lenyewe kama mgeni aliyeona aibu kuaga. Mshipi nimeutoboa tundu jipya kwa msumari. Suruali niliyoolea imeniingia, na nafasi imebaki ya kuingiza mtu mwingine. Mke wangu akasema, "Baba nanihii, umerudi ujana." Nikamjibu, "Bahati haipigi hodi, mama. Inaingia inakaa." Tangu nizaliwe sijawahi kulala hospitali. Nimeendesha malori nchi nne, nimekula vyakula ambavyo mbwa angevifikiria mara mbili, na hata mafua yananiogopa. Mwili wa chuma, tena chuma cha zamani, si hiki cha siku hizi.

Sasa kazi yangu. Mimi ni mtunza stoo wa maabara. Shule niliiacha kidato cha pili, ama tuseme tuliachana kwa makubaliano, lakini funguo zote za jengo hili zinaning'inia kiunoni kwangu. Ndiyo maana wananiita Funguo. Wenye shahada wakitaka hata bomba la kioo, lazima waje wasimame mezani kwangu waseme tafadhali.

Leo Daktari ametuletea kitu kipya. Huyu Daktari si wa sindano. Ni mama wa kemia, mkuu wetu, na siku nilipomwomba dawa ya jino alinicheka mpaka miwani ikamwanguka. Amebandika vipande vitatu vya utando, kila kimoja ukubwa wa stempu. Kimoja kwenye kabati la chupa za asetoni, kimoja chumba cha kuoshea vyombo, kimoja kwenye shina la taa ya mezani kwangu. Vyote vya kijani, vinang'aa kama bawa la inzi.

"Una rangi gani ndani?" nikauliza.

"Hauna rangi hata tone," akasema. "Ni polima, Funguo. Nyuzi ndogo sana zilizosokotana, zimepangwa tabaka juu ya tabaka. Umeona povu la sabuni linavyotoa rangi? Povu halikupakwa rangi, ni wembamba wake tu unaochezea mwanga. Sasa mvuke wa asetoni ukiingia humu, nyuzi zinavimba, tabaka zinaachana, na jicho lako linaona njano, halafu nyekundu. Mvuke ukiondoka, utando unasinyaa, unarudi kijani."

"Kwa hiyo ni pua."

"Ni pua unayoiona kwa macho."

Anataka aviuze kwenye viwanda, mtu ajue chupa inavuja kabla haijalipuka. Asetoni ni ile ile wanayofutia rangi ya kucha saluni. Sisi tunasuuzia vyombo vya vioo. Inashika moto upesi kuliko umbea.

Tarehe 6 Machi

Mvua imeanza. Madirisha yote tumefunga. Jagi zima la maji nimelimaliza kabla ya chai. Mwili wenye afya una madai yake.

Tarehe 8 Machi

Nimwandike shemeji yangu kabla sijasahau, maana kazi hapa nilimtafutia mimi. Ni kaka wa mke wangu, anaosha vyombo vya maabara. Mwanzoni nilikuwa nikimwita shemeji, mlinzi akaiga, wasomi wakaiga, na sasa hata Daktari anamwita Shemeji. Nikamwambia, "Umeoa familia nzima ya sayansi." Akacheka kwa pua tu. Ni mtu wa maneno machache. Ukimsalimia asubuhi, jibu unalipata saa nne.

Kila mchana anakuja kula mezani kwangu, kiti cha pembeni. Mimi naongea, yeye anatafuna. Mgawanyo mzuri wa kazi.

Tarehe 12 Machi

Leo nimeshtuka! Asubuhi nimefungua stoo, utando wa mezani ulikuwa wa kijani kama kawaida. Nimekaa, nimeandika hesabu ya glavu, nimempigia simu fundi wa friji nikamfokea. Kuinua macho, utando ni wa njano. Nikadhani ni taa. Nikazima taa. Njano.

Nikamwita Daktari. Alikuja anakimbia, akapiga makofi kama mtoto aliyeona puto. "Unafanya kazi! Mahali pa kweli, si kwenye chupa!" Halafu furaha ikamtoka usoni polepole. Akageuka akatazama kabati la asetoni, hatua chache tu kutoka mezani.

"Kama unafanya kazi," akasema, "basi kuna mahali panavuja."

Tukaenda kabatini. Utando wa kabatini ni wa kijani. Penye chupa zote hizo, kijani. Mezani kwangu pasipo na chupa hata moja, njano. Nimeona mengi barabarani, nimeona lori likishuka mlima bila dereva, lakini hili sijaona.

Tarehe 13 Machi

Njano tena. Mchana ukawa mwekundu kama nyanya.

Tarehe 14 Machi

Mwekundu.

Tarehe 15 Machi

Leo tumeligeuza jengo ndani nje. Daktari na vijana wake wametoa kila chupa, wamenusa kila kifuniko, wamemwaga maji kwenye sinki zote kusikiliza kama bomba linarudisha hewa. Wamebadilisha utando wa mezani, wakabandika mwingine kutoka karatasi ile ile na ule wa kabatini. Asubuhi, kijani. Kufika saa ya chai, njano. Mchana, mwekundu. Droo zangu zimepekuliwa na kukutwa na chupa tatu za soda na karanga. Aibu ndogo.

Mlinzi wa getini, ambaye ana mdomo mkali kuliko bunduki yake, kanipokea jioni: "Funguo, siku hizi unanukia saluni. Umefungua biashara?"

"Ni marashi ya watu waliotembea," nikamwambia.

Nyumbani mke wangu naye kasema pumzi yangu ina harufu ya tunda lililoiva likapitiliza. Nikamwambia hiyo ni sifa. Hakucheka. Akasema, "Nenda ukapime, mbona unakonda hivyo?" Nikamwambia kupima ni kwa watu wenye mashaka.

Mchovu leo. Ni kubeba yale maboksi.

Tarehe 20 Machi

Jana hatukwenda kazini, mimi na shemeji, tuliomba ruhusa pamoja. Mdogo wa mke wangu ameolewa. Nimecheza mpaka watoto wakanizunguka. Shemeji alikaa karibu na sahani kama mlinzi wa benki. Soda nilizokunywa sizitaji, wasije wakaniletea ankara.

Leo nafika, nakuta Daktari amekaa kwenye kiti changu. Utando ulikuwa wa kijani bado.

"Funga mlango," akasema. "Nataka unisaidie kufikiri. Jana Shemeji hakuwepo."

"Tulikuwa harusini."

"Jana utando huu ulikaa kijani kutwa nzima. Niliingia kwa ufunguo wa akiba, nikautazama mwenyewe kila saa. Siku ya kwanza tangu wiki iliyopita." Akautazama. "Nani mwingine anakaa mezani hapa?"

"Mimi."

"Ukiacha wewe."

"Ukiniacha mimi," nikasema, "ni yeye."

Nikalisikia neno likinitoka, na badala ya kulifuata nilikamate, nikalitafutia wenzake. Nikamwambia Daktari kwamba mke wa shemeji ana saluni. Kwamba anafuta kucha za watu. Kwamba asetoni haimwagiki kutoka mbinguni. Kwamba yeye ndiye anayeshika chupa zikiwa nusu, na aproni yake huwa mbichi. Nilikuwa najisikia mpelelezi. Nikamalizia kwa methali, maana mtu mzima hamalizi bila methali: "Kikulacho ki nguoni mwako, Daktari."

Akasema, "Inanitia simanzi. Nilimpenda."

Mimi pia nampenda. Ndiyo maana nimeshtuka. Kumbe mtu unakula naye meza moja mwaka mzima na humjui! Ule ukimya wake, sasa naona, ni ukimya wa mtu anayehesabu chupa.

Tarehe 21 Machi

Nitaandika yote.

Walimwita kabla ya mapumziko ya mchana. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka watu wanaongea kwa kupaza sauti, kwa hiyo na siri nayo ikapazwa. Daktari kamuuliza kama huwa anachukua asetoni. Shemeji kasema hapana. Kamuuliza mke wake anapata wapi ya saluni. Kasema dukani, kama watu wote. Kamuuliza kwa nini utando unageuka akiwepo na haugeuki akiwa hayupo. Hapo shemeji akanyamaza, kwa sababu hajui, na mtu asiyejua akinyamaza anafanana sana na mwizi.

Wakamsindikiza getini. Kanuni ya jengo ni kwamba mtu akisimamishwa kazi begi lake linakaguliwa. Wafanyakazi wote walikuwa wamekusanyika barazani kukwepa paa lililokuwa linavuja ndani. Mlinzi kamimina begi juu ya meza yake, nusu meza iko mvuani. Kikatoka chombo cha chakula. Ikatoka kandambili moja ya mtoto, imekatika ukanda, alikuwa anaipeleka kwa fundi. Kikatoka kitambaa. Basi. Mlinzi akaigeuza ile kandambili juu chini kana kwamba asetoni imejificha kwenye soli.

Shemeji hakumtazama mlinzi wala Daktari. Alinitazama mimi.

"Shemeji," akasema, "sema neno."

Mimi! Mimi ambaye sijawahi kukosa neno hata polisi wakinisimamisha na taa moja ya lori imekufa. Nikashika funguo zangu. Nikazitazama moja moja kana kwamba nimezipoteza. Akaokota vitu vyake, akaipangusa kandambili, akatoka. Mwavuli uliokuwa mkononi hakuufungua.

Daktari kasema akae nyumbani mpaka jambo lijulikane. Lakini watu barazani walikuwa wameshalijua.

Tarehe 22 Machi

Mke wangu amepika akala na watoto. Yangu nimeikuta imefunikwa.

Tarehe 25 Machi

Utando ni mwekundu.

Nairudia kwa sababu mwenyewe siamini. Shemeji hayupo, aproni yake imekauka msumarini, chupa zote nimezifungia kwa ufunguo ninaolala nao. Saa ya chai, njano. Mchana, mwekundu, tena mwekundu kuliko siku zote.

Nikamwambia Daktari ni harufu iliyobaki kwenye mbao. Akanitazama. "Mbao zinakumbuka siku nne, Funguo?" Nikasema mbao za zamani zina kumbukumbu. Mimi mwenyewe nikaona maneno yangu hayana miguu.

Nimeuosha mkono, nimeiosha meza, nimeubadilisha mkeka. Tumbo linaniuma. Macho yananifanyia ukungu, lakini ni haya madirisha yaliyofungwa.

Tarehe 27 Machi

Leo mke wangu kavunja ukimya. Alikuwa anafua, mimi nimesimama mlangoni na glasi yangu ya maji.

"Kaka yangu hatoki ndani," akasema. "Wateja wa saluni wanamuuliza wifi yangu asetoni yake ni ya bei gani siku hizi. Wanacheka. Mwanao anaulizwa shuleni."

"Mimi sikumtaja kwa ubaya. Daktari aliniuliza."

"Daktari alikuuliza jina la mwizi?"

"Aliniuliza nani mwingine anakaa pale."

"Na wewe ulikuwa wapi hiyo siku utando ulipokaa kijani?"

"Si nilikuwa na ninyi harusini? Nani aliyemwinua bibi harusi mpaka..."

Nikakoma. Yeye hata hakuona kwamba nimekoma, alikuwa ameshaendelea kukamua nguo. "Nyani haoni kundule," akasema, "na huyu wangu ana mkia mrefu kama nini."

Nimelikalia lile swali kutwa. Nimejiambia kwamba mimi sigusi asetoni. Ni kweli, sigusi. Basi nimeliweka kando.

Tarehe 29 Machi

Naandika haya nikiwa kitandani, na kitanda si changu. Mkono mmoja una mpira wa dripu. Nitaandika kwa huu mwingine.

Asubuhi Daktari aliubandua ule utando mezani kwangu akaupeleka ofisini kwake, ghorofani, autazame peke yake. Kabla ya mchana nikampandishia boksi la vioo. Ngazi zile nilizipanda kama mlima, nikapumzika katikati nikijifanya nasoma tangazo. Nikaingia. Utando ulikuwa wa kijani, umebandikwa kwenye ukingo wa dirisha.

"Umekaa hivi asubuhi yote," akasema. "Kijani safi. Kwa hiyo tatizo liko stoo."

Nikainama karibu niutazame, nikaanza kumweleza jinsi nilivyoipekua stoo, sentensi baada ya sentensi, unanijua. Daktari akanyanyua kidole.

"Nyamaza."

Nikanyamaza. Utando ulikuwa wa njano. Mbele ya macho yetu ukaanza kurudi, njano, njano ya majani, kijani.

"Sasa sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote! Lini umewahi kukosa?"

Nikaanza kutaja nchi nilizoendesha lori. Ya tatu sikuifikia. Utando ulitoka kijani ukapita njano bila kusimama, ukawa mwekundu. Sijawahi kuona rangi ikikimbia hivyo. Nikarudi nyuma. Ukapoa. Nikasogea, nikapuliza kama mtu anayezima mshumaa.

Mwekundu.

Tukatazamana. Yeye mdomo wazi, mimi nimeufunga wangu kwa kiganja, kama mtu aliyegundua kwamba kinywani ana nyoka.

"Funguo," akasema polepole, "unakunywa asetoni?"

"Daktari! Ningekunywa ningekuwa napanda ngazi?"

"Umewahi kupima sukari?"

"Sukari ya nini? Mimi ni mzima."

Alikuwa amekaa. Alikuwa ameweka mikono juu ya kichwa kama mtu aliyepata msiba. "Mwili wa mtu unaweza kutengeneza asetoni wenyewe," akasema. "Sukari ikiwa imejaa kwenye damu na haiwezi kuingia inapotakiwa, mwili unachoma mafuta yake, na moshi wake ndio huu. Unatoka kwa pumzi. Najua hilo. Nimelisoma, nimelifundisha! Nimenusa mabomba, nimenusa mbao, nimemfukuza mtu..." Akasimama ghafla. "Kiu unayo? Unakojoa mara ngapi? Umekonda kiasi gani?"

Kila alipouliza nilitaka kumjibu kwa mzaha, na kila mzaha ukafa njiani. Tumbo, lile lililoondoka kama mgeni. Jagi la maji. Nikamwona shemeji akiipangusa kandambili ya mtoto. Nikasema, "Basi hakuiba." Daktari akasema, "Hakuna kilichoibwa." Halafu sakafu ikainama upande mmoja na nikatapika kwenye boksi la vioo.

Walinibeba. Mlinzi ndiye aliyeshika miguu. Nikapitishwa kwenye geti lile lile, kwenye baraza ile ile, watu wale wale wamesimama. Mlinzi hakusema mzaha hata mmoja, na hicho ndicho kilichoniogopesha kuliko vyote.

Hospitali muuguzi alinidunga kidole akaweka tone kwenye kimashine. Kimashine hakikutoa namba. Kilitoa neno tu, kwamba sukari imepanda mno, hakiwezi kuihesabu. Muuguzi akakitikisa, akarudia, neno lile lile. Akaita wenzake kwa sauti ambayo watu hawaitumii kwa mambo mazuri.

Tarehe 31 Machi

Daktari wa hapa, huyu wa sindano, kasema ningechelewa kidogo ningeletwa nimelala na nisingeamka. Kasema hivyo huku anaandika, kama anayesema mvua itanyesha.

Insulini maisha yangu yote. Nimemwomba arudie. Karudia.

Tarehe 2 Aprili

Mke wangu amelala kwenye kiti. Nimemtazama nikidhani amesinzia, kumbe analia amefumba macho.

Tarehe 5 Aprili

Shemeji kaja. Kavua kofia, kaketi, kaweka chombo cha chakula juu ya kabati. Chakula cha mgonjwa, hakina chumvi wala sukari, alikuwa ameuliza kwanza kwa muuguzi. Nikasubiri anitukane. Nilikuwa nimejipangia hata nitakavyolia.

"Umepona?" akauliza.

"Bado."

"Basi nitakugombeza ukipona."

Tukakaa. Kwa mara ya kwanza nikajua ukimya wake una uzito gani ukiwa upande wa pili wa meza. Nikasema, "Shemeji, mimi nilidhani..."

"Hukudhani. Uliulizwa ukaona kuna nafasi ya kusema."

Nikanywa maji.

"Daktari kanipigia simu," akaendelea. "Kaomba radhi, mama wa watu, mpaka nikamwonea huruma. Anasema nirudi. Nimemwambia sirudi kwa simu."

"Unataka nini? Sema, nitafanya."

"Nilitolewa getini mchana, watu wanaangalia. Nirudishwe getini mchana, watu wanaangalia. Na asiseme yeye. Useme wewe, kwa mdomo huo huo."

"Shemeji, watu watanicheka mpaka kustaafu."

"Watakucheka," akakubali. Akavaa kofia. "Mimi walinicheka na sikuwa nimefanya kitu."

Alipotoka, nikamwambia mke wangu kwamba kaka yake ana moyo mgumu. Akasema, "Ana moyo mmoja tu. Mgumu, laini, ndio huo huo." Nimegeukia ukuta.

Tarehe 8 Aprili

Nimerudi nyumbani. Najidunga mwenyewe tumboni. Mwanangu anahesabu nami kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama tunarusha roketi.

Tarehe 10 Aprili

Nimeandika hotuba, nimeichana. Ilikuwa na vichekesho vitano na jina la shemeji mara moja.

Tarehe 11 Aprili

Manyunyu, si mvua. Wamekusanyika wote barazani, Daktari kawaomba. Shemeji alisimama nje ya geti, hajaingia, begi begani, mke wake pembeni yake na kucha zake zimepakwa vizuri kabisa, nyekundu, watu wazione.

Nikapanda juu ya ngazi ya kwanza. Miguu bado haijarudi sawasawa. Nikaanza na mzaha, nikasema, "Ndugu zangu, mnaona mbele yenu chupa ya asetoni inayotembea." Hakuna aliyecheka. Hata mlinzi. Nimechekesha watu mipakani, nimechekesha askari wenye njaa, lakini pale hakuna jino lililoonekana.

Basi nikasema bila kupamba. Nikasema mimi ndiye niliyemtaja. Nikasema habari ya asetoni kupelekwa saluni niliitoa kichwani kwangu, hakuna aliyeniambia, na mama huyu hajawahi kupata hata tone kutoka hapa. Nikasema aliponiomba niseme neno nilikuwa nalo na nikalimeza. Nikasema utando haukukosea siku hata moja, ulikuwa unaninusa mimi. Nikaitaja na ile kandambili ya mtoto. Sikujua kwamba nitaitaja.

Maji yalikuwa yakidondoka kwenye mabati.

Shemeji akaingia getini. Hakuja kwangu. Alikwenda mpaka kwenye meza ya mlinzi akaweka begi juu yake.

"Kagua," akasema.

"Ah, ndugu yangu, hayo yamekwisha," mlinzi akasema.

"Kagua. Watu waone."

"Jamani Shemeji, mbona unanitia aibu?"

"Siku ile hukuiona?"

Mlinzi akalifungua. Akatoa kitu kimoja kimoja, safari hii kwa vidole viwili, taratibu, akiviweka upande ambao hauna maji. Chombo cha chakula. Kitambaa. Mwavuli. Shemeji akasubiri mpaka kitu cha mwisho kitoke, akasubiri tena kidogo, halafu akavirudisha mwenyewe. Daktari alikuwa analia waziwazi bila kujifuta. Mke wa shemeji akageuka akaondoka zake kufungua saluni, hakumuaga mtu.

Shemeji akapita karibu yangu kuelekea chumba cha vyombo. Nikasema, "Shemeji." Akaendelea kutembea. Mchana alikula kwenye sinki, amesimama.

Utando wa mezani kwangu wameurudisha. Leo umekaa kijani kutwa, na mimi nimekaa mbele yake nikiogopa kuhema.

Nimejiita humu mtu mwenye bahati, mwili wa chuma. Nilisema uongo. Nilikuwa nakonda, nilijua kuna kitu kibaya, na nikajisifu kwa sababu niliogopa kupima.